Mtoto wa siku 9 alikuwa na dhambi gani?

Swali nimelifupisha kidogo: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 26, mimi na mume wangu tunalima zabibu na alizeti huku Mvumi. Mwezi wa pili nilijifungua mtoto wa kiume, akakaa siku 9 akafariki, hajabatizwa. Msibani mzee mmoja wa kanisa akasimama akasema Biblia inasema baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Baadae ndugu wa mume wangu wakaleta mtu wa maombi, akasema kuna mnyororo wa ukoo upande wangu na inatakiwa sadaka ili ukatwe. Mimi nauliza, kama Mungu aliumba kila kitu kikawa chema sana, dhambi ilitoka wapi? Mtoto wangu alikuwa na dhambi gani? Na je, tunaruhusiwa kumuwekea msalaba wenye jina?"

Marahaba mwanangu, na pole sana, wewe na baba wa mtoto. Nimekaa na swali lako siku tatu kabla ya kuandika maana sikutaka kukujibu kama nasahihisha mtihani wa wanafunzi wangu. Naomba nianze na jibu lenyewe usije ukasoma maneno yote haya huku moyo unadunda: mtoto wako hakufa kwa dhambi yake, wala ya kwako, wala ya bibi yako. Hayo mengine ni kukueleza kwanini nasema hivyo nikiwa na Biblia imefunguka hapa mezani.

Tuanze na maneno ya mzee maana ndiyo yaliyokuchoma. Yapo kweli kwenye Biblia, tena yapo mara mbili, Yeremia 31 na Ezekieli 18. Wewe mkulima unaelewa hilo neno kuliko wahubiri wengi, ukiuma punje ambayo haijaiva meno yanaingia ganzi na uso unajikunja, na zabibu ikishakatwa mbichi ndio basi tena, huwezi kuivundika ikaiva kama embe au ndizi. Sasa Waisraeli walikuwa wamechukuliwa uhamishoni Babeli, wakawa wanaisema hiyo methali kwa uchungu, kwamba waliokosa ni babu zetu alafu tunaolipa ni sisi. Mzee alisoma mstari wa 2 wa Ezekieli 18 akakaa chini. Angesoma na wa 3 angekuta Mungu anaapa kwa uhai wake kwamba hiyo methali isitumike tena katika Israeli, na mstari wa 20 unasema wazi kabisa mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Yaani Mungu aliitaja methali ile ili aifute, na sisi tumeiokota tukaenda kuisemea kwenye kaburi la mtoto. Hilo limeniuma sana na siwezi kuficha.

Haya, swali lako kubwa, dhambi ilitoka wapi. Nimefundisha habari hii miaka mingi na naona shida yetu kubwa ni kwamba tunaanza kuisoma Biblia kwenye sura ya tatu ya Mwanzo. Muulize mtu yeyote akueleze habari ya mwanadamu kwa Mungu, atakwambia "sisi ni wenye dhambi". Ni kweli, ila hiyo ni sura ya tatu, na kabla yake kuna mbili. Sura ya kwanza neno "chema" au "vyema" linarudi mara 7, kwa nuru, kwa nchi kavu na bahari, kwa majani na miti, kwa jua na mwezi, kwa samaki na ndege, kwa wanyama, alafu mwisho mwanadamu akishaumbwa kwa sura ya Mungu ndipo panaandikwa "na tazama, ni chema sana". Ukisoma hivyo kwa utaratibu unaona dhambi haimo. Haikuumbwa siku ya kwanza wala ya sita. Kitu cha kwanza ambacho Biblia inasema kuhusu mtoto wa binadamu, na mwanao yumo, ni kwamba amebeba sura ya Mungu.

Na hili halikuwa jambo la kawaida kusema enzi hizo. Wababeli, hao hao waliowachukua mateka, walikuwa na stori yao ya uumbaji ambayo mungu wao Marduk anampiga vita Tiamat, akishashinda wanamchinja mungu muasi anaitwa Kingu na kwa damu yake wanaumbwa watu, ili watu wafanye kazi na miungu ipumzike. Fikiria, kwenye stori ile mtu anazaliwa tayari ana damu ya uasi, na ameumbwa awe kibarua. Waisraeli walikaa katikati ya watu wenye imani hiyo na bado wakashika kwamba Mungu ni mmoja, hakupigana na mtu ili aumbe, alisema tu ikawa, na mtu hakutengenezwa kwa damu ya mhalifu yeyote. Alitengenezwa kwa udongo na pumzi ya Mungu mwenyewe. Jina Adamu kwa Kiebrania linakwenda pamoja na neno adama, maana yake udongo wa shambani, na linakaribiana na neno la rangi nyekundu. Mimi kila nikisoma Mwanzo 2:7 naona huu udongo wetu wa Dodoma unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha, naona Mungu ameinama ana udongo mwekundu vidoleni anampulizia mtu puani. Mwanao ametoka kwenye mikono hiyo.

(Vijana wa chuo wakisoma hapa najua wataniuliza fuvu la Olduvai alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, na zile nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978 zenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Wakristo hatujibu wote sawa. Kuna makanisa yanashika siku 6 za masaa 24, na kuna Papa Pius wa 12 mwaka 1950 aliyesema utafiti kuhusu asili ya mwili wa binadamu unaruhusiwa ilimradi tushike kwamba roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Agostino, ambaye nitamtaja tena hapa chini, miaka 1600 iliyopita hakuzichukulia zile siku kama siku zetu za kawaida. Leo sitakaa hapo, sio kilichomleta mama huyu.)

Sasa kama dhambi haikuumbwa, ni kitu gani? Naomba nikupeleke kwetu Kondoa. Nilipokuwa mdogo nyuma ya kijiji chetu kulikuwa na korongo, na kila masika lilikuwa linasogea. Mwaka huu njia ya shule inapita hapa, mwakani imekatika inabidi mzunguke. Ukisimama ukingoni unaona mizizi ya mti inaning'inia hewani kama kamba, udongo uliokuwa unaishikilia umeshakwenda, mti wenyewe bado una majani ya kijani lakini kila mtu anajua mvua ijayo unaanguka. Tuliwahi kupoteza ndama humo, tulimsikia analia usiku kucha. Sasa nikuulize, nani alilitengeneza korongo? Korongo sio kitu kilichowekwa pale, ukitaka kulibeba huwezi, maana kilichopo ni udongo uliotoka. Ni pengo. Lakini hilo pengo linameza ng'ombe na linakata njia, na huwezi kumwambia mama aliyepoteza ndama kwamba korongo halipo.

Dhambi iko hivyo hivyo. Agostino, huyu askofu Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko ambako leo ni Algeria, kabla hajaokoka alikaa miaka kama 9 na kundi la Wamani waliofundisha kwamba kuna nguvu mbili tangu milele, nuru na giza, na ubaya ni kitu kamili chenye asili yake. Akaja kuona kwamba haiwezekani, maana kama ubaya ni kitu, basi ama Mungu ameuumba au kuna mungu mwingine, na yote mawili Biblia inayakataa. Ndipo akasema ubaya ni upungufu wa wema, ni wema ulioharibika, kama ugonjwa ambao hauwezi kuwepo bila mwili wa kuuugua. Uongo hauwezi kusimama bila ukweli wa kuupindisha, na hata uzinzi unaazima kitu kizuri cha Mungu unakitumia vibaya. Alipoulizwa utashi wa kwanza uliharibikaje, alijibu kwamba kutafuta chanzo chake ni kama mtu anayetaka kuliona giza kwa macho au kuusikia ukimya kwa masikio. Watu wengi hawalipendi jibu hilo, wanataka waoneshwe kiwanda kinachotengeneza dhambi. Wanasema basi ni Shetani. Sawa, nyoka yupo pale bustanini, na Ufunuo 12 inamuita nyoka wa zamani, ila hiyo inasogeza swali tu hatua moja nyuma, maana Shetani naye aliumbwa, na hakuumbwa mbaya. Mwisho wake unarudi pale pale, kiumbe chema chenye uhuru kilimgeuzia Mungu mgongo, na uhuru huo Mungu alikuwa ameutoa kwa sababu upendo wa kulazimishwa sio upendo.

Hapa kwenye kugeuza mgongo naomba tukae maana ndipo penye kiini. Soma Mwanzo 2:16 taratibu. Neno la kwanza Mungu analomwambia mtu humo bustanini ni "Matunda ya kila mti wa bustani waweza kula". Kila mti! Ndipo anatoa mmoja. Sasa nyoka anakujaje? Anauliza, "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu, Msile matunda ya miti yote ya bustani?" Ameligeuza. Mungu aliyesema kuleni yote isipokuwa mmoja amekuwa Mungu aliyewanyima yote. Ni kama wewe umeolewa, mama mkwe wako akakwambia mwanangu humu ndani kula chochote, ila ule mtama wa kwenye kilindo usiuguse ni mbegu ya msimu ujao. Akaja jirani akakaa kwenye kigoda akakuuliza kwa sauti ya huruma, "hivi ni kweli mama mkwe wako amekukataza chakula?" Hujala bado hata punje moja ya ile mbegu, lakini kuna kitu kimeshaingia, kuanzia jioni hiyo kila akikupa kitu unamuangalia usoni unatafuta kile anachokificha. Dhambi ya kwanza ilianzia hapo, kwenye kuamini kwamba Mungu ni mchoyo. Tunda lilifuata baadae, na Biblia haisemi hata lilikuwa tunda gani, hilo la tufaha limeenezwa na wachoraji wa Ulaya.

Angalia sasa kilichotokea baada ya kula. Wakajificha. Mungu akaita "Uko wapi?", na Adamu akajibu kwamba huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa nikala. Kwa sentensi moja amewashtaki wawili, mke wake na Mungu. Na mwanamke yule ni yule yule ambaye sura moja nyuma alimuimbia kwamba huyu ni mfupa katika mifupa yangu. Ndio maana mimi nikisikia msibani watu wameanza kutafuta ni upande wa nani ulioleta balaa, na karibu kila mara inakuwa upande wa mwanamke, najua ninachosikia, ni sauti ya Adamu nyuma ya majani ya mtini. Na ukisoma 3:6 vizuri, Adamu alikuwepo pale pale na mkewe, akapewa akala, hakusema neno. Paulo akiandika Warumi 5 anasema dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na anayemtaja kwa jina ni Adamu. Kwahiyo mwanangu, huo mnyororo waliosema uko upande wako, sitaki ulale nao hata usiku mmoja zaidi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, neno lenyewe "dhambi" halimo kwenye sura ya 3. Linatokea mara ya kwanza sura ya 4, Mungu akimuonya Kaini kwamba dhambi inakuotea mlangoni nayo inakutamani, walakini yapasa uishinde. Huyu ni mtoto wa Adamu, amezaliwa nje ya bustani, ameikuta hali imeshaharibika, lakini bado Mungu anaongea naye kama mtu mwenye uwezo wa kuchagua. Hamwambii "wewe ni mtoto wa Adamu umeshahukumiwa". Anamwambia mlango ni wako.

Hapa sasa ndipo tunafika kwenye dhambi ya asili, hilo neno ambalo nadhani mzee alikuwa analitafuta na hakulipata. Nirudi kwenye korongo. Mimi nilizaliwa korongo lipo. Sikukata mti hata mmoja, sikufuga ng'ombe kupita kiasi, waliofanya hivyo ni watu wa kabla yangu wengine hata majina yao hatuyajui. Je nilikuwa na hatia ya korongo? Hapana. Je nilikuwa nimepona nalo? Hapana pia, nilizunguka njia kama wengine, shamba letu lilikuwa jembamba kama wengine, na nilipokua nikapewa mbuzi nichunge niliwapeleka kwenye ule ule ukingo kwa sababu hakukuwa na pengine, na kwato zao zikazidi kuubomoa. Hapo sasa ndipo na mimi nilipoingiza mkono wangu. Kanisa linaposema tumezaliwa katika dhambi ya asili linazungumzia kitu kama hicho, tunazaliwa mahali palipobomoka, na ndani yetu pia pamebomoka, tuna mteremko, na tukishakua tukaanza kutembea wenyewe tunateremka kwa miguu yetu. Paulo anasema mauti ikawafikia watu wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi". Mtoto wa siku 9 hajachunga mbuzi.

Usidhani hili ni wazo langu la pembeni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, kifungu cha 404, inasema dhambi ya asili inaitwa dhambi kwa namna ya mfano tu, ni dhambi iliyopokelewa na sio iliyotendwa, ni hali na sio tendo. Waorthodoksi tangu zamani wanafundisha tulichorithi kwa Adamu ni mauti na udhaifu, hatia hapana. Nisikufiche, wapo wanaosema kwa ukali zaidi. Agostino mwenyewe uzeeni, akigombana na Pelagio aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuwa mwema kwa juhudi zake tu, alifika mahali akasema watoto wasiobatizwa wanapotea, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote, na alitegemea tafsiri ya Kilatini ya Warumi 5:12 iliyosomeka kama vile wote tulitenda dhambi "ndani yake" Adamu, ambapo Kigiriki cha Paulo kinasomeka "kwa sababu". Mimi nampenda Agostino kuliko walimu wote wa kale ila hapo alikosea, na waliokuja baada yake walibaki na mzigo huo muda mrefu. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia huko Vatikani ilitoa andiko refu likieleza kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto waliokufa bila ubatizo wanaokolewa.

Na upande wa Kilutheri, ambao Ungamo lao la Augsburg la 1530 linaitaja dhambi ya asili bila kuilegeza, angalia alichofanya Martin Luther. Mwaka 1542 aliandika waraka mfupi kwa ajili ya akina mama waliopoteza mimba au mtoto kabla ya ubatizo. Aliwaambia wasijione wamemkosea Mungu, na kwamba ile hamu ya mama ya kumleta mtoto wake kwa Mungu, hata kama ni kuugua tu moyoni bila maneno, Mungu anaihesabu kuwa sala. Aliyeandika hivyo alishamzika binti yake Elisabeth mwaka 1528 akiwa hajafikisha mwaka, na mwaka huo huo wa 1542 alimzika mwingine, Magdalena, wa miaka 13. Wewe uliponiandikia kwamba usiku wa siku ya nane ulimshika mtoto ukasema "Bwana huyu ni wako", mstari ambao nimeuondoa kwenye swali hapo juu kwa heshima yako lakini sasa naomba niurudishe, basi hiyo ndiyo sala aliyokuwa anaizungumzia.

Watakutajia Zaburi 51:5, mama yangu alinichukua mimba hatiani. Waambie wasome na mstari wa kwanza. Anayesema ni Daudi, mtu mzima, aliyelala na mke wa Uria alafu akapanga Uria auawe vitani, na kwenye toba yake anaungama kwamba uozo wake una mizizi mirefu. Anajishtaki mwenyewe, hajamshtaki mtoto wa mtu. Na Daudi huyo huyo mtoto wake mchanga alipofariki siku ya 7, alinyanyuka akaoga akala, akasema "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi". Aliamini anakwenda alipo mtoto. Watakutajia pia Kutoka 20, kupatiliza maovu hadi kizazi cha tatu na cha nne. Kweli ipo, madhara ya dhambi yanatembea, baba mlevi anaacha watoto bila shamba, na wewe umeona nyumba kama hizo. Lakini mstari unasema "wanichukiao", na unaofuata unasema rehema zake ni kwa maelfu elfu. Wanafunzi wa Yesu walipomuona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana akajibu huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Swali la mtu wenu wa maombi lilishajibiwa pale, Yohana 9:3.

Kuhusu hiyo sadaka ya kukata mnyororo, usitoe. Sio kwa hasira, mwambieni kwa adabu kwamba mmeshakuja kwa Kristo na deni lililobaki hamlioni. Sadaka ya dhambi ilitolewa mara moja msalabani, mtu akikudai nyingine ya pesa kwa ajili ya mtoto aliyekufa anafanya kosa kubwa, na mkienda naye mara ya kwanza atawarudia mara ya pili. Hiyo hela ipeleke zahanati, ukipata ujauzito mwingine uanze kliniki mapema, na muulize daktari au nesi aliyekuhudumia mtoto aliugua nini, maana una haki ya kujua. Watoto wachanga wanachukuliwa na maambukizi, na manjano, na shida ya kupumua. Mauti yenyewe ni adui, Paulo anaiita adui wa mwisho, na kuilia unaruhusiwa, Yesu alimlilia Lazaro huku akijua atamfufua.

Lile korongo la kwetu unajua liliishiaje? Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyewe tuliita HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Wazee walilia, mimi mwenyewe nililia mbuzi wangu walipoondoka. Lakini mvua mbili tatu zikapita nyasi zikaanza kushika kingo, alafu vichaka, alafu miti ambayo hakuna aliyeipanda. Udongo ule haukuwa umelaaniwa, tulidhani umekufa kumbe ulikuwa bado ni ule ule. Nikisoma Paulo anaposema dhambi ilipozidi neema ilikuwa nyingi zaidi, macho yangu yanakwenda kwenye zile nyasi za kwanza. Wema ndio uliotangulia, na uko chini kabisa pale ambapo korongo halifiki.

Msalaba wekeni, na jina andikeni, jina lile mlilompa. Hakuna kanisa ninalolijua lenye kanuni ya kumnyima mtoto jina kaburini, kama kuna mzee anakataza mpelekeeni mchungaji wenu haya niliyoandika na kama bado ni ngumu anitafute tuongee. Mbao za kawaida msitumie, mchwa wa huko watakuwa wameumaliza kabla ya msimu kuisha, mwambieni fundi awachomelee wa chuma, aupake kwanza ile rangi ya kuzuia kutu alafu ndio nyeupe, na herufi muandike kwa rangi ya mafuta maana jua letu linafuta nyingine zote.